Dole Gumba na Moto: Nata za Lisbon

Mwokaji alichovya dole gumba kwenye bakuli la maji, akalikung'uta mara moja, kisha akalizamisha katikati ya kipande cha unga kilicholala ndani ya kibati. Mkono wa kushoto ukaanza kukizungusha kibati. Dole likausukuma unga kutoka katikati kwenda pembeni, na kutoka pembeni kwenda juu, mpaka unga ukapanda kuta za kibati na kuchungulia nje ya ukingo kidogo tu, kama ukucha. Akakiweka kwenye sinia, akachukua kingine. Kibati kimoja hakikumchukua hata muda wa kuvuta pumzi tatu, na mbele yake vilikuwapo vibati vya kutosha kumshughulisha hadi mchana.

Nilikuwa nimesimama upande wa pili wa kioo, ndani ya Manteigaria, duka dogo lililo ukingoni mwa uwanja wa Luís de Camões, eneo la Chiado, Lisbon. Jengo hilo zamani lilikuwa duka la siagi, na jina bado linasema hivyo, maana manteiga kwa Kireno ni siagi. Mwaka 2014 liligeuzwa kuwa duka la kitu kimoja tu, nata. Wateja hula wamesimama kwenye kaunta, na nyuma ya kioo kazi inaendelea machoni pa kila mtu. Niliingia nikiwa na nia ya kula moja na kuondoka. Nilikaa asubuhi nzima.

Kwa asiyeijua, nata ni kikombe cha unga wa matabaka kilichojazwa uji mzito wa maziwa, shira na viini vya mayai, kikaokwa kwa moto mkali mpaka uso wake ukapata madoa meusi. Jina kamili ni pastel de nata, na zikiwa nyingi ni pastéis de nata, lakini kwenye kaunta mtu akisema nata ameeleweka. Neno lenyewe lina maana ya malai, yale mafuta yanayokaa juu ya maziwa, ingawa wapishi wengi siku hizi hawatii malai hata kijiko. Inalingana na kiganja cha mtoto. Huliwa kwa kung'ata mara tatu au nne. Na nyuma ya huko kung'ata kuna kazi ya siku mbili, ambayo ndiyo nataka kuieleza, kwa sababu wageni wengi wanaopita Lisbon huipiga picha nata, huila, na huondoka bila kujua wamekula nini.

Mtu aliyekulia karibu na jiko la chapati ataielewa upesi. Donge husukumwa likawa duara, likapakwa samli, likaviringishwa, likazungushwa kama konokono, likaachwa lipumzike chini ya kitambaa, likasukumwa tena. Samli ile iliyobanwa katikati ya unga ndiyo inayotenga matabaka chapati inapokutana na kikaango, na kila mama anayesifiwa mtaani kwa chapati zake anasifiwa kwa jambo hilo kabla ya lingine lolote. Wareno wamelichukua wazo hilohilo na kulipeleka mbali.

Unga wa ngano hukandwa kwa maji na chumvi mpaka uwe laini kabisa, wa kuvutika, kisha huachwa utulie. Husukumwa ukawa mraba mpana. Siagi iliyolainika, isiyeyuke, hupakwa juu ya theluthi mbili za mraba. Theluthi isiyo na siagi hukunjwa juu ya ile ya katikati, kisha ya tatu hufuata, kama barua inavyokunjwa kabla ya kutiwa kwenye bahasha. Hugeuzwa, husukumwa, hupakwa, hukunjwa tena. Mara ya mwisho haukunjwi. Husukumwa ukawa mwembamba, hupakwa siagi mpaka karibu na ukingo wa kila upande, na huviringishwa kwa kukazwa kama jamvi linavyoviringishwa, ukatoka gogo refu la unene wa gunzi la mahindi. Gogo hilo hulala kwenye jokofu usiku mzima.

Katika hatua hizi zote adui ni joto. Siagi ikiwa ngumu mno hutoboa unga wakati wa kusukuma. Ikiwa laini mno hunywewa na unga, na pale palipotakiwa kuwa na matabaka mengi pakawa na donge moja lenye mafuta. Kati ya hali hizo mbili kuna nafasi ndogo sana, na mpishi huijua kwa kiganja. Nilimwona mwokaji mmoja akigusa gogo kwa mgongo wa vidole, kama mama anavyomgusa mtoto paji la uso akihofia homa, kisha akalirudisha kwenye jokofu bila kusema neno. Halikuwa tayari.

Asubuhi gogo hukatwa vipande vya sentimita 2 hivi. Ukikitazama kipande kwa juu unaona mistari inayozunguka kama gamba la konokono: unga, siagi, unga, siagi, hadi katikati. Kipande hulazwa kwenye kibati mzunguko huo ukitazama juu, na hapo ndipo dole gumba linapopewa kazi.

Nimesema maji. Maji yale yanazuia unga usishike kidole na kuchanika, kwa sababu tabaka likichanika siagi hutoroka na sehemu hiyo haitaumuka. Nimesema pia dole husukuma kutoka katikati. Sababu yake ni kwamba chini panatakiwa pawe pembamba: uji wa mayai ni mzito na wa baridi, utakaa juu ya unga ule na kuucheleweshea moto, kwa hiyo chini pakiwa panene patabaki pabichi wakati juu pameshaungua. Ukingo, kinyume chake, unatakiwa ubaki na nyama kidogo ili usimame. Mashine za kubana unga zipo, na viwanda vinavyouza nata zilizogandishwa huzitumia, lakini mashine hubana kwa nguvu moja kila mahali. Dole husikia. Likikuta mahali unga umekuwa mwembamba hupita juu yake, likikuta mahali umerundikana hurudi. Unapokuja kuila, yale matabaka yaliyopandishwa ukutani yameachana moja moja, na meno yakigusa, ukingo unavunjika kwa sauti unayoisikia masikioni mwako mwenyewe. Sauti hiyo ndiyo alama ya kwanza ya nata njema, hata kabla ulimi haujaonja kitu.

Uji nao una mambo yake. Maziwa huchemshwa na ganda la limau na kijiti cha mdalasini. Ganda hukwanguliwa juujuu tu, manjano peke yake, kwani weupe ulio chini yake huleta uchungu. Unga kidogo hukorogwa kwa maziwa baridi, ukatiwa ndani ya yale ya moto na kupigwa bila kusita mpaka yashike. Pembeni, sukari na maji huchemshwa bila kukorogwa mpaka ziwe shira nyepesi, na shira hiyo hutiririshwa ndani ya maziwa taratibu, uzi mwembamba. Mwisho kabisa, mchanganyiko ukishapoa kiasi, huja viini vya mayai. Kisha vyote huchujwa.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini wasichanganye sukari na maziwa na mayai kwa mara moja, kama wengi wetu tunavyofanya na keki. Jibu liko kwenye tanuri. Viini vya mayai haviwezi kuvumilia moto unaokuja. Vingegandamana vipandevipande kama mayai ya kukaanga. Unga uliopikwa ndani ya maziwa na sukari nyingi iliyokwisha kuwa shira hukaa kati ya chembe za yai na kuzizuia zisikimbiliane. Kwa njia hiyo uji unaweza kuchemka ndani ya nata, ukatokota kabisa, na bado ukatoka laini. Watu waliogundua jambo hili hawakuwa na maabara. Walikuwa na majiko ya nyumba za watawa na muda mwingi.

Kisha moto. Tanuri la nata hufika nyuzi 300 na kuzidi, na yapo yanayokaribia 400. Jiko la kawaida la nyumbani huishia 250. Tofauti hiyo ndiyo inayowashinda wengi wanaojaribu nyumbani, na mimi nilishindwa kwayo mara nne. Nilipika unga vizuri, nikapika uji vizuri, na nata zikatoka zimepauka, ukingo umelegea, uji umekauka kwa kukaa ndani muda mrefu. Ilinibidi nikumbuke jiko la bibi yangu. Wali wake haukuisha mpaka umepaliwa: makaa chini, makaa juu ya kifuniko, mvuke ukiwa katikati umebanwa. Nilichukua sufuria nzito, nikatia mchanga, nikaipasha mpaka mchanga ukawa hauguswi, nikaweka vibati, nikafunika na kupalia makaa mengi mekundu juu. Uso wa nata ulipata madoa. Chini palikuwa bado pamelegea, ila kwa mara ya kwanza ilifanana na kitu nilichokiona Chiado, na nikaelewa kwamba nata inahitaji moto wa kushambulia kutoka juu na chini kwa pamoja, na kwa muda mfupi sana. Dakika 10 ni nyingi.

Nyuma ya kioo nilitazama masinia yakiingia. Siagi iliyo ndani ya matabaka huanza kuchemka, mvuke wake ukainua unga, na kuta zikaanza kufunguka kama kurasa za kitabu kilicholowa. Uji hupanda. Hufura juu ya ukingo kama kifua cha njiwa, mpaka mtu asiyejua angedhani utamwagika. Halafu ngozi yake ya juu huanza kupata rangi, kwanza kahawia hapa na pale, kisha nyeusi. Mwokaji alikuwa ameinama, macho hayatoki. Hakutazama saa hata mara moja. Alipovuta sinia, uji ulikuwa bado unatetemeka, na mbele yangu ukaanza kushuka taratibu mpaka ukatengeneza bonde dogo, na madoa yale meusi yakabaki juu kama ngozi ya chui. Kisha mtu mmoja akapiga kengele. Manteigaria hupiga kengele kila nata mpya zinapotoka, na watu walio nje mtaani huisikia na kugeuka.

Madoa hayo huwatisha wageni. Nimewasikia watu wakiomba wapewe zile zisizoungua. Ningewasihi wasifanye hivyo. Pale penye weusi sukari imefika mwisho wa safari yake na kupata uchungu kidogo, na bila uchungu huo nata ni tamu ya kuchosha, tamu ya upande mmoja.

Sasa twende Belém, kwa sababu hakuna atakayekusamehe ukirudi kutoka Lisbon bila kufika huko. Tramu namba 15 huondoka Praça da Figueira na kufuata mto Tejo kuelekea magharibi. Belém ndipo palipo na makao makubwa ya watawa wa Jerónimos, na karibu na hapo, kando ya njia ya tramu, kuna duka la Pastéis de Belém lenye vitambaa vya buluu juu ya milango. Duka lenyewe husimulia hivi: nyumba za watawa zilipofungwa nchini Ureno mwaka 1834, mtu aliyetoka ndani ya makao yale alianza kuuza vitamu hivyo ili apate riziki, karibu na kiwanda cha kusafishia sukari kilichokuwa hapo. Mwaka 1837 duka likaanza rasmi. Tangu hapo mapishi ni siri. Uji na unga huandaliwa kwenye chumba kilichofungwa, na wanaojua vipimo ni wachache wanaohesabika. Nata za duka hilo peke yake ndizo zinazoitwa Pastéis de Belém. Za kwingine kote, hata zikiwa bora, ni pastéis de nata.

Kwa nini watawa, na kwa nini viini? Ute wa mayai ulitumika kutia wanga mavazi ya kitawa ili yasimame, na kusafisha mvinyo uliokuwa na ukungu. Viini vikabaki. Ureno nzima imejaa vitamu vilivyozaliwa na masalio hayo, na majina yake yanaonyesha yalikotoka: barriga de freira ni tumbo la mtawa, papos de anjo ni videvu vya malaika. Mji wa Aveiro una ovos moles, viini na sukari ndani ya ganda jembamba linalofanana na kombe la baharini. Ukiweka vyote hivyo mezani utaona kitu kimoja kinarudi: viini, sukari, viini, sukari.

Na sukari hiyo ilitoka mahali. Ilitoka Madeira, kisha São Tomé, kisha Brazil, ikilimwa kwa mikono ya Waafrika waliofanywa watumwa. Sisi wa pwani tuna jambo letu la karibu zaidi hapo Belém. Ndani ya kanisa la Jerónimos amelazwa Vasco da Gama, yule aliyetia nanga Mombasa na Malindi mwaka 1498. Aliporudi mara ya pili, mwaka 1502, aliielekezea Kilwa mizinga na kumlazimisha mtawala wake alipe kodi kwa dhahabu. Dhahabu hiyo ilifika Lisbon, na mfalme Manuel akaamuru itengenezwe chombo cha ibada kwa ajili ya watawa wa Belém. Kilikamilika mwaka 1506. Kinaitwa Custódia de Belém, na leo kiko kwenye makumbusho ya sanaa ya kale, Museu Nacional de Arte Antiga, ukingo uleule wa mto. Mitume 12 wadogo wamepiga magoti juu yake, kila mmoja na uso wake, wamepakwa rangi. Mfua dhahabu aliyekifanya alikuwa na mkono wa ajabu. Nilisimama mbele yake kwa muda mrefu nikiwaza Kilwa Kisiwani, na nyasi zilizoota ndani ya kuta za jumba la Husuni Kubwa. Msomaji wa Kiswahili akienda Belém kula, aende kwanza kukiona. Ni mali iliyotoka kwetu.

Tukirudi dukani, wenzangu wengi wa safari waliona foleni ya Belém wakakata tamaa. Ile foleni ya nje ni ya wanaobeba. Pita kando yake, ingia ndani, utakuta vyumba baada ya vyumba, vigae vya buluu na nyeupe ukutani, na meza za kukaa. Meza ni neno tulilopewa na Wareno hawahawa, pamoja na leso, bendera, kasha na foronya, kwa hiyo hutakuwa mgeni sana. Nata zitakuja za moto, na vikopo viwili vitakuwa mezani, kimoja cha mdalasini wa unga na kingine cha sukari laini. Mdalasini ndio, mwingi. Sukari iache. Ukoko wa Belém una chumvi inayosikika, ni mkavu na mwembamba kuliko wote nilioonja, na uji wake hauna utamu mkubwa. Kwa ukoko, sijapata mshindani wa Belém.

Lakini Lisbon ni mji wa wenyeji, na wenyeji hawasafiri mpaka Belém kila asubuhi. Campo de Ourique, mtaa wa makazi ambako tramu namba 28 huishia, kuna Aloma, duka la tangu mwaka 1943 ambalo limeshinda zaidi ya mara moja shindano la nata bora ya Lisbon. Nilifika hapo asubuhi na kukuta wazee wakisoma magazeti, mwanamke na mwanawe aliyevaa sare ya shule, na hakuna aliyekuwa ameshika kamera. Uji wa Aloma ni mzito kidogo, limau linasikika mbele. Praça da Figueira kuna Confeitaria Nacional ya mwaka 1829, kongwe kuliko hata duka la Belém, yenye ngazi na vioo vya zamani, ila huko watu hufuata zaidi keki ya Krismasi iitwayo bolo rei. Zaidi ya hapo, kila mtaa una pastelaria yake, yaani duka la vitamu, isiyo na jina kubwa. Nyingi huletewa nata kutoka kiwandani. Chache hupika zenyewe, na hizo ndizo za kutafuta.

Na kahawa. Lisbon kikombe kidogo cha kahawa nyeusi huitwa bica, na mtu husema kwa pumzi moja: uma bica e uma nata. Kahawa ya Wareno ni kali, na nyingi huchanganywa na aina iitwayo robusta. Angola, kabla ya uhuru wake mwaka 1975, ilikuwa miongoni mwa wazalishaji wakubwa wa kahawa duniani, na sehemu kubwa ilikuwa robusta. Ulimi wa Lisbon ulizoea ladha hiyo na haukuiacha. Robusta inadharauliwa na wajuzi wengi wa kahawa. Mimi nimekula kahawa ya kutafuna ya Bukoba na sina dharau hiyo hata kidogo. Uchungu wake ndio unaoikata nata. Ni jambo ambalo mtu wa pwani halihitaji kuelezwa: kahawa chungu kwenye kikombe kisicho na mkono, kipande cha kashata au halua pembeni, funda moja, kipande kimoja, funda tena. Mpangilio ni uleule. Wanaoagiza nata pamoja na maziwa yaliyotiwa kahawa, galão, wanafunika utamu kwa utamu, na nadhani wanapoteza nusu ya kilichopikwa.

Kunywa ukiwa umesimama kwenye kaunta, balcão, ni desturi na pia ni bei nafuu, kwani maduka mengi hutoza zaidi ukikaa nje kwenye viti vya barabarani. Nata yenyewe ni chini ya euro 2. Wanaofuata halali waulize kabla, maana baadhi ya vitamu vya watawa hutiwa mafuta ya nguruwe, yaitwayo banha. Neno hilo moja linatosha, na muuzaji atakuelewa na kukujibu. Wanaokunywa pombe watapelekwa Largo de São Domingos, kwenye kijiduka cha A Ginjinha cha mwaka 1840, kinachouza kinywaji cha cheri kwenye bilauri ndogo.

Yule mwokaji wa Chiado nilimsubiri mpaka zamu yake ilipokwisha. Alipotoka akifuta mikono nilimsalimu, nikamwambia, Senhor, nimetazama mikono yako asubuhi yote. Alicheka kidogo, akanionyesha dole gumba la kulia. Ngozi ya pembeni ilikuwa imekuwa laini na nyeupe kwa maji, na ukucha umekatwa mpaka mwisho. Akasema jambo la wazi kwamba ukucha mrefu hukata unga. Kisha akanichukulia nata moja kutoka sinia la mwisho, akaigeuza juu chini kwenye kiganja chake kabla ya kunipa. Chini yake, kwenye unga uliogeuka kahawia, mistari ile ya gogo ilikuwa bado inaonekana, ikizunguka hadi katikati. Ya kiwandani, alisema, mara nyingi huikuti hivi.

Basi ukifika Lisbon na ukapewa nata ya kwanza, usiing'ate papo hapo. Igeuze uitazame chini. Ukiuona ule mzunguko wa konokono, kuna mtu aliyeamka mapema akausukuma kwa dole lake, kibati kwa kibati. Nyunyiza mdalasini, na uile kabla haijapoa.